Mwano wa Upande wa Mawe

Mwezi uliopita Masunga, niliyesoma naye sekondari Dutwa, alituma ujumbe kwenye kundi letu la simu kwamba Mwalimu Mapunda amefariki huko kwao Songea. Watu wakaanza kumimina zile picha za mishumaa na mikono iliyokunjwa, pole nyingi, kila mtu akikumbuka alivyochapwa au alivyosifiwa. Kisha Masunga, ambaye hata kanisani hajawahi kukaa kimya, akaongeza: “Apumzike. Ile kesi yake ya ng’ombe tumwachie Mungu, ila Kiingereza alikijua.” Nilikuwa dukani kwangu hapa Bariadi, nampimia mteja misumari ya bati. Nikaishusha mizani. Mteja akaniuliza, “Vipi mama, umefiwa?” Nikamjibu kwamba nimefiwa na nimetukanwa, vyote kwa mara moja. Nilitaka kumjibu Masunga papo hapo kwa maneno ambayo mwanamke wa umri wangu hapaswi kuyaandika. Nilijizuia kwa sababu mambo haya hayatoshi kwenye kioo cha simu, na kwa sababu Masunga hakuwepo. Wakati yanatokea alikuwa kwao Mkula, likizo, akichunga. Mimi nilikuwepo, na kilichotokea nilikiona kwa macho yangu.

Ukoo wangu hauhusiki hapa. Inatosha kusema kwamba mwaka ule wa kidato cha tatu nilikaa Dutwa kwa mama mkubwa, dada wa mama yangu, na mumewe, ambaye sote tulimwita baba mkubwa. Nilipewa chumba cha mwisho, kile kilichotumika pia kuhifadhia pamba. Kuanzia mavuno mpaka gari la kununua pamba lilipokuja, nililala juu ya lundo lenyewe. Lilikuwa laini na lenye joto, lakini mbegu zilinichoma mgongoni na vumbi lake likanikohoza mwaka mzima. Dirisha lilikuwa la mbao, bila kioo, na lilitazama uwanjani, pale baba mkubwa alipokaa na wenzake jioni. Kila walichosema nilikisikia, nikitaka nisitake. Baba mkubwa alikuwa kamanda wa sungusungu, jeshi la jadi la kijiji. Mtu mrefu, mpole wa sauti, msafi kupita kiasi. Hakuwahi kunitukana hata siku moja. Nalisema hili kwa sababu wasomaji hupenda mtu mbaya ajulikane mapema, wapumue.

Sheria kubwa ya jeshi lile ilikuwa mwano. Mwano ni ukelele mrefu wa hatari, unaanzia alipo aliyeibiwa, unapokelewa na boma linalofuata, unaenda hivyo hivyo mpaka vijiji vya jirani. Ukisikia mwano unatoka. Ukiwa unakula unaacha sahani, ukiwa unaumwa unajikongoja. Wanaume wanakimbilia unakotoka, na rungu, na upinde, na filimbi shingoni. Asiyetoka anaulizwa kwa nini, na asiye na jibu anahesabiwa kuwa upande wa mwizi. Na mwano haupigwi kwa mchezo: anayeupiga bila hatari anachapwa viboko mbele ya watu, awe nani. Niliusikia mara ya kwanza wakati wa palizi. Walimkamata mtu mtoni na ndama wa kuiba, na hakurudi kutoka huko mtoni. Sisi tulikuwa tumepika matobolwa, vile viazi vikavu vya kuchemsha, na karanga. Wanaume waliporudi mama mkubwa akatoa beseni. Wakanawa mmoja mmoja, wakizungumza habari za mvua, na maji ya beseni yakabadilika rangi. Baba mkubwa alinawa wa mwisho, akajisugua chini ya kucha kwa kijiti cha kiberiti, akakaa, akala vizuri. Aliomba aongezewe karanga. Mama mkubwa akaenda kumwaga yale maji mbali, nje ya boma, kuku wasiyanywe.

Siku ile Mwalimu Mapunda hakutoka. Alikuwa amefika tangu Januari, kijana mwembamba wa milimani, aliyesalimia watu kwa “Mwangaluka”, salamu ya asubuhi, hata jua likizama, na akina mama wakamcheka na kumpenda. Hakujua mwano ni nini. Alipousikia alifunga mlango. Baada ya siku chache wakamwita uwanjani kwetu, nami nikamwona kupitia dirisha akiwa amekalishwa kwenye kigoda, magoti yakimfika kidevuni. Baba mkubwa alimwambia kwa ile sauti yake ya upole, “Mwalimu, hatukulaumu, wewe ni mgeni. Ila ugeni umekwisha leo. Mwano ukipigwa, toka. Shika chochote, kimbilia unakotokea. Usimsubiri mtu.” Mwalimu akajibu, “Nimeelewa, kamanda. Nitakimbia.” Akashukuru, “Wabeja,” akaitamka vibaya, wakacheka wote, yakaisha.

Darasani mtu huyo hakuwa mnyonge. Alikuwa na tabia ya kuchagua neno moja la Kiingereza kila Ijumaa na kulizungusha mpaka tulione pande zote. Ijumaa moja akaandika ubaoni, kwa herufi kubwa, *specious*. Akasema, “Hili si neno la mtu mwongo. Mwongo ni mwongo tu. Wala si la nyoka aliyejificha majanini. Hili ni neno la hoja. Ni maelezo ambayo ukiyasikia unatikisa kichwa, unasema naam, ni kweli kabisa, kila kitu kimekaa mahali pake. Na kumbe si kweli.” Masunga akanyoosha mkono, akatoa sentensi kwamba ng’ombe wa baba yake ni *specious*, maana anaonekana ana maziwa na hana. Mwalimu akamwuliza, “Huyo ng’ombe wako anatoa hoja gani?” Darasa likavunjika mbavu. Kisha akatuambia jambo ambalo sijalisahau: kwamba zamani sana, kwenye lugha lilikozaliwa, neno hilo lilimaanisha kitu kizuri cha kutazama. Watu walianza nalo wakisifia uzuri, na baadaye wakawa wameumizwa na uzuri wa namna hiyo mara nyingi mno, maana ikageuka. Akatutuma kila mtu aje na mfano wa nyumbani kwao, si wa kitabuni. Mimi nilileta wa baba mkubwa, aliyesema kwamba wanaume ndio waanze kula, kwa kuwa wao ndio watakaoitwa ghafla mwano ukipigwa, na mtu hawezi kukimbia na njaa. Mwalimu alicheka mpaka akavua miwani. “Hiyo ndiyo yenyewe,” akasema. “Ukiisikia unaona hata aibu kubisha.” Kisha akaniuliza taratibu kama baba mkubwa anajua nimeisema darasani, nikamwambia hajui, akasema basi ibaki humu.

Nieleze mahali palivyokuwa, maana yote yamekaa hapo. Magharibi mto, na kando yake mashamba ya pamba. Mashariki kilima cha mawe, yale mawe makubwa yaliyopandana ambayo sisi tumezaliwa tukiyaona. Katikati ghala la pamba, refu, la bati. Nyumba za walimu zilijengwa nyuma ya ghala, upande wa mawe, mahali ambapo awali palikuwa malisho tu na hakuna aliyewahi kuishi. Kila mtoto wa Dutwa anajua mawe hurudisha sauti. Tulikuwa tunayaita majina yetu na yanaitika. Ila sauti yenyewe tuliisikia kwanza, ndipo ya mawe, kwa hiyo haikutudanganya kamwe. Hatukujua kwamba nyuma ya lile ghala ile ya kwanza haifiki.

Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa saba, alasiri, shule imefungwa, Mwalimu amebaki kwa sababu nauli ya Songea si mchezo. Nilikuwa naosha ndoo bombani, kwenye pembe ya ghala, pale ambapo mto unaonekana. Mwano ukalia kutoka mtoni. Nikausikia wazi kabisa, nikasimama. Mwalimu akatoka nyumbani kwake mbio, miguuni kiatu na ndala, mkononi mpini wa jembe. Alisimama kidogo, akainua kichwa, akasikiliza. Kisha akageukia mawe na kukimbia kwa nguvu zake zote. Nikapiga kelele, “Mwalimu, si huko! Mtoni! Mtoni!” Akaniona, akanipungia ule mpini niondoke. “Kabula, nyumbani! Ingia ndani!” Alidhani namwogopea. Alikuwa anatekeleza alichoagizwa, asimsubiri mtu, na alikuwa anakimbia vizuri, kwa hatua ndefu za mtu wa milimani.

Wezi walikuwa wameswaga ng’ombe kuelekea kwenye mawe hayo hayo. Kwa hiyo wanaume walipotokea mtoni, wakipasua pamba, wengi wao wa vijiji vya jirani wasiomjua, walichokiona ni mtu mmoja mbele yao akikimbia, ameupa mwano kisogo. Walimfikia kabla hajafika kwenye jiwe la kwanza. Niliona marungu yakipanda na kushuka kwa zamu, kama watu wanaopura mtama, na kwa umbali ule sauti ilichelewa, rungu linapanda tena ndipo pigo lililotangulia linanifikia. Nilikimbilia huko. Sijui nilidhani nitafanya nini. Nilipofika alikuwa amelala ubavu, mkono wa kushoto umekunjika mahali ambapo mkono haukunjiki, miwani imezama kwenye nyama ya shavu, na bado alikuwa anajaribu kuwaeleza. Baba mkubwa akafika na kundi la kwetu. Mwalimu akamwona, akajiinua kwa kiwiko, na nikaona uso wake ukifunguka kwa furaha. Akasema, “Kamanda.” Baba mkubwa akampiga rungu la mdomo. Nililisikia taya. Watu wangemmalizia hapo, ila mzee mmoja akasema huyu ni mtu wa serikali, akifia hapa kijiji kitakwisha. Wakamtupa nyuma ya pikapu ya pamba, akapelekwa Bariadi. Polisi wakamfunga pingu kwenye kitanda cha hospitali kama mwizi wa ng’ombe, wakasema watakuja kuchukua maelezo ya wanakijiji.

Jioni ile walikaa uwanjani kwetu, na mimi na mama mkubwa tulikuwa jikoni tunasonga ugali. Nikawasikia wakiijenga hoja yao. Sikuwahi kusikia kitu kizuri vile. Mmoja akasema: mwano umelia mtoni, yeye amekimbilia mawe, mtu mwema huikimbiaje hatari ya wenzake? Mwingine: na ng’ombe wamekutwa wapi? Nyuma ya mawe. Mwingine: mara ya kwanza alijifungia, leo ametoka, kwa nini leo? Mwingine: na ule mpini ni wa nini? Na baba mkubwa, kwa upole: “Na aliniita. Kati ya watu wote aliniita mimi. Mwizi akibanwa humtafuta mkubwa.” Kila mmoja aliweka lake, na kila moja likakaa, hapakuwa na ufa wa kuingiza hata unyasi. Mimi niliyemwona akisimama mlangoni na kusikiliza, mimi niliyemsikia akinifukuza nyumbani kwa usalama wangu, nilijikuta natikisa kichwa juu ya sufuria. Nikaona naam, inawezekana. Hapo ndipo lile neno la Ijumaa lilipoacha kuwa la darasani, nikaogopa, nikaangusha mwiko. Mama mkubwa akauokota, akaupangusa. “Umeona nini, ng’wanone, mwanangu?” Nikamweleza yote, kwa kunong’ona. Akapakua mlenda, akawapelekea, akapiga goti kama kawaida.

Kesho yake aliniambia nimwonyeshe aliposimama Mwalimu. Akasimama pale pale mlangoni, mikono imefunga kanga kifuani. Huko mtoni watoto walikuwa wanaitana wakinywesha mbuzi. Akageuza shingo taratibu kuelekea kwenye mawe. Kisha akasema, “Haya. Twende tukachambue mboga.”

Kikao cha kukubaliana maelezo ya polisi kilifanyika uwanja wa shule, nyuma ya ghala, jirani na nyumba za walimu, kwa sababu jambo lilikuwa la mwalimu na mkuu wa shule alitaka awepo. Wanaume kwenye madawati, wanawake chini pembeni. Mama mkubwa akanikanyaga mguu. “Simama useme.” Nikasimama, nikasema nilichoona, na kwamba Mwalimu aliusikia mwano ukitokea upande wa mawe. Wakaniangalia kwa huruma. Mmoja akasema mwizi yeyote angesema hivyo hivyo. Baba mkubwa akasema, “Mtoto anampenda mwalimu wake, si vibaya. Kaa, Kabula.” Wakacheka kidogo. Nilipokaa niliona mahali pa mama mkubwa ni patupu, nikadhani amechukia ameenda kupika.

Wakaendelea. Walikuwa wamefika kwenye ule mpini wa jembe, nani atausemea, mwano ulipolia. Madawati yakaanguka. Wanaume wote wakaruka, marungu juu, filimbi, vumbi, na baba mkubwa mbele yao, wakakimbia. Walikimbilia mawe. Wote. Niliwaona migongo yao, watu waliozaliwa pale na baba zao wakazaliwa pale, wakienda mbio kwenye njia ile ile aliyopita Mwalimu na kiatu kimoja. Walipotoka kwenye kinga ya ghala mwano ukapigwa tena, ukawafikia kutoka nyuma, kutoka mtoni, ulikokuwa unatoka tangu mwanzo, na wakasimama kwa kugongana. Huko chini, katikati ya mabua ya pamba, mama mkubwa alikuwa anapanda kuja kwetu, peke yake, mkono bado mdomoni. Alifika mpaka mbele yao, anahema. “Mlikuwa mnakimbilia wapi?” akawauliza.

Laiti ningemalizia hapo. Mkuu wa shule alikuwa amejishika kichwa, wanaume wengine walikaa chini kwenye vumbi, mmoja alikuwa analia waziwazi. Lakini baba mkubwa alisimama, na nikaona anatafuta kitu cha kushika, na akakipata. Akasema mwano umepigwa bila hatari. Akasema adhabu yake inajulikana. Yule mzee wa siku ya pikapu akamwambia, “Achana na hilo, kamanda, ametuonyesha jambo.” Akajibu, “Nikiacha kwa mke wangu, kesho nitamchapa nani?” Nayo ilikuwa kweli tupu, ukiisikia. Ilikuwa imekaa sawasawa kuliko zote. Tukarudishwa uwanjani, akawapa wenzake fimbo, mmoja baada ya mwingine, wote wakarudisha mikono nyuma. Akamchapa mwenyewe. Nilimrukia mkono, akanirusha, mdomo wangu ukapasukia kwenye kona ya dawati, na hapo chini nilipolala niliona miguu ya mama mkubwa tu, haikusogea. Alimchapa mpaka kanga ikashikana na mgongo. Hakuna mwanaume aliyemzuia, watu mia hivi, wote wamejua sasa hivi kwamba walikosea, na bado wakasimama wakatazama sheria ikifanya kazi. Nimeishi na hasira hiyo mpaka leo na sina mpango wa kuiacha.

Fimbo ilipokoma mama mkubwa aligeuka akamtazama. “Umemaliza?” akamwuliza. “Basi vaa shati. Tunaenda Bariadi.”

Tulipanda basi la asubuhi iliyofuata, sisi watatu, mama mkubwa amesimama njia nzima, ameshika bomba, kwa sababu mgongo haukuweza kugusa kiti. Baba mkubwa alikaa mbele yake, mikono magotini. Hakuna aliyemlazimisha kuja, na sijawahi kujua alichofikiria. Baadaye alifungwa, akatoka, akaishi na mama mkubwa miaka mingi kwenye boma lile lile, na sikuwahi kumsikia akilizungumzia.

Wodini Mwalimu alikuwa kitanda cha ukutani. Mkono wa kushoto ulikuwa kwenye plasta, wa kulia umefungwa pingu kwenye chuma cha kitanda. Taya lilishonwa kwa waya, uso umevimba kiasi kwamba nilimtambua kwa miguu. Alipomwona baba mkubwa alianza kutetemeka, kitanda kizima kikalia. Askari aliyekaa naye akainuka. Baba mkubwa akavua kofia. “Afande, huyu si mwizi,” akasema. “Alisikia mwano akakimbia, kama nilivyomwagiza. Taya nimelivunja mimi. Nilimjua ni nani, na nililivunja.” Askari akamtazama, akamtazama mama mkubwa aliyesimama na damu imekaukia kwenye kanga, hakuuliza la pili. Pingu aliyokuwa nayo ilikuwa ni ile moja. Akaifungua kwenye mkono wa Mwalimu, akamfunga nayo baba mkubwa.

Mwalimu aliutazama mkono wake ulio huru, kwenye kifundo alama nyekundu. Kisha akauinua taratibu mpaka usoni. Alikuwa hajaweza kujigusa tangu siku ile. Akapapasa paji la uso, akapapasa pale miwani ilipozamia, akashuka kwenye shavu, akalifikia taya, vidole vikasimama, vikarudi nyuma, vikaanza tena kutokea sikioni. Alikuwa anatafuta taya lilipoishia. Baba mkubwa alisimama mbele yake na pingu mikononi, akamtazama mpaka alipomaliza.